Mapaja ya Mpanda Farasi

Jumapili, 20 Oktoba

Leo nimenyoosha mkono kanisani. Sijui ni nani aliyeutuma. Ulikuwa wangu.

Kigango chetu ni cha Mtakatifu Martini, yule askari aliyekuwa juu ya farasi, akamkuta maskini anatetemeka kwa baridi, akakata joho lake kwa upanga na kumpa nusu. Kila Novemba tunaigiza. Kila mwaka farasi wetu ni baiskeli ya katekista Matiasi iliyofungiwa kichwa cha boksi. Mwaka jana kichwa kilidondoka mbele ya Padri. Martini akaendelea na safari hivyo hivyo.

Mwaka huu Matiasi katangaza kuwa amepatikana farasi wa kweli. Yuko Nyakanazi, kwa bwana mmoja anaitwa Shibuda, mwenye nyumba ya wageni pale njia panda. Kazi ya huyo farasi ni kupigwa picha na madereva wa malori. Shibuda kakubali kumleta kwa lori lake la ng'ombe. Matiasi akauliza nani aliwahi kupanda. Akasimama Frednand, mwalimu wa michezo, yule anayekimbia kila asubuhi bila kufukuzwa na mtu. Kasema hajawahi ila mwili wake uko tayari. Hapo ndipo mkono wangu ulipopanda. Nikasema mimi, Protasi, nilikaa na farasi Arusha.

Si uongo. Nilikuwa mlinzi wa geti la shamba lenye farasi. Waliniona, niliwaona.

Nimepewa Martini. Frednand kapewa maskini. Nilimpa pole kwa mkono, nikaubana kidogo.

Sababu yangu ni moja tu. Baba mkwe, mzee Bonaventura wa Nyakisasa, atakaa kiti cha mbele. Tangu nimwoe binti yake Adelfina, mzee huyu hajawahi kunipa mrija. Kwao pombe ya ndizi inanywewa mtungi mmoja, na mrija unatoka kinywani mwa mzee kwenda kwa yule anayemheshimu. Unafika kwa Aristides, aliyemwoa mdogo wake Adelfina. Mimi unaniruka. Naletewa kikombe cha plastiki, tena kile cha watoto, chenye picha ya bata.

Adelfina anadai ni kwa ajili ya pombe niliyopeleka siku ya mahari. Ati niliinunua Kabanga badala ya kuikanyaga nyumbani, ikafika imechacha. Hayo ni ya zamani, na kosa lilikuwa la muuzaji. Mimi sababu ya kweli naijua. Mzee hajawahi kuniona juu. Mtu huheshimiwa na anayemtazama kutoka chini.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimeukagua mwili. Habari si nzuri.

Nimejaribu kurusha mguu juu ya kitanda kama mtu anayepanda tandiko. Mguu ulifika nusu, ukafikiri, ukarudi. Kitambi kimekaa katikati ya safari. Nikiinama kufunga viatu naona nyota mchana.

Nimetazama video kwenye simu. Mzungu mmoja mwembamba anafundisha, na maelezo yameandikwa kwa Kiswahili chini. Anasema mpanda farasi anahitaji vitu hivi: mapaja ya kubana, tumbo gumu, mgongo ulionyooka, mikono ya kushika hatamu bila kutetemeka. Nilijikuta natafuta angalau kimoja nilicho nacho. Nina mikono.

Zoezi la kwanza ni kuchuchumaa na kuinuka. Kuchuchumaa niliweza vizuri sana. Kuinuka ndiko kulikokataa. Nikabaki pale uani nimechuchumaa, najifanya natafuta kitu chini. Adelfina akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema sindano. Akatafuta na yeye, maskini, mpaka alipochoka akanishika kwapa na kuniinua.

Nimemweleza ukweli kuhusu mazoezi. Hakucheka. Alinitazama mimi, kisha akalitazama shimo ambamo anaivishia ndizi za pombe ya sikukuu. Sikuelewa kwa nini alitabasamu.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimetengeneza farasi wangu mwenyewe. Mtu mwenye akili hangoji Nyakanazi.

Nilichukua mgomba uliokwisha kukatwa, mnene, nikaufunga kwa kamba kati ya miti miwili ya mgrivea nyuma ya nyumba. Nikautandika gunia. Kamba nyingine ikawa hatamu. Nikapanda kwa msaada wa ndoo. Lo, jinsi nilivyokaa! Mgongo umenyooka, kidevu juu. Niliwaona majirani wote, hata wale walioko vyooni, maana vyoo vyetu vingi havina paa.

Sasa, mgomba una maji. Ukiubana kwa mapaja unakamuka. Nilivyozidi kubana ndivyo ulivyozidi kuteleza, na mara farasi akageuka tumbo juu, mimi nikiwa bado nimemkumbatia kwa chini. Nikabaki nimening'inia. Ndipo akapita Frednand katika mbio zake. Alisimama, akanisalimu kwa adabu zote, akauliza hivi ndivyo wanavyopanda Arusha. Nikamwambia ndiyo, ni mtindo wa kukwepa mishale.

Aliondoka anakimbia. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nadhani alikuwa anakohoa.

Kamba ilikatika baada ya hapo. Chini kulikuwa na mbolea ya mbuzi.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimepata wazo kubwa, na nimelipata bila kusaidiwa na mtu.

Asubuhi Adelfina alikuwa anaongea peke yake jikoni, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kwamba hakuna kitu duniani kinachojenga mapaja kama kukanyaga ndizi. Kwamba marehemu babu yake alikanyaga mpaka uzeeni, na mapaja yake yalikuwa kama magogo. Kwamba bahati mbaya mwaka huu itabidi amtafute kibarua, maana kazi hii hawezi kumpa mume wake, mtu mwenye kazi kubwa ya kigango.

Nikaingilia kati papo hapo. Nikamwomba aniachie mtumbwi wa kukamulia. Alikataa. Nikabembeleza. Akasema ningechoka. Nikamwapia kwamba sitachoka. Mwishoni alikubali kwa shingo upande, nikajisifu moyoni kwa ulimi niliojaliwa.

Kazi yenyewe ni hii. Ndizi mbivu zinamenywa, zinajazwa kwenye mtumbwi wa mbao pamoja na nyasi, nawe unaingia miguu mitupu na kukanyaga mpaka zitoe maji. Mwanzo ni raha. Utamu unapanda katikati ya vidole. Baadaye kidogo mapaja yanaanza kuwaka. Halafu unagundua kuwa hizo zilizokwisha ni za juu tu.

Adelfina alikaa kwenye kigoda kivulini. Kila nilipopunguza mwendo aliuliza farasi wa Martini anatembea au amelala. Nikiangalia naona ana kipaji cha ukocha.

Jumatatu, 28 Oktoba

Siwezi kukaa. Siwezi kusimama. Naandika nimeegemea kabati.

Ila maendeleo yapo. Kocha kaongeza programu. Mikono ya hatamu: nachota maji mtoni, ndoo kila upande, bila kumwaga. Mgongo wa tandiko: napalilia maharage, kwa sababu, anasema, mpalilia maharage hujua mgongo wake uko wapi. Tumbo: nasaga mtama wa kuweka kwenye pombe, kwa jiwe. Nimemuuliza kama yule Mzungu wa video naye anasaga mtama. Kanijibu kuwa ndiyo maana ni mwembamba.

Leo nimefanya mazoezi ugenini. Adelfina kasema mpanda farasi hodari hazoei mtumbwi mmoja, akanipeleka kwa jirani yetu Secilia, ambaye kwa bahati nzuri naye alikuwa na ndizi zake zimeiva. Nilikanyaga zote. Secilia alinishukuru sana. Nikamwambia asijali, mimi ndiye ninayefaidika. Wakatazamana na Adelfina, wakainama wote wawili kuokota vitu nisivyoviona.

Tatizo dogo ni harufu. Nimeoga kwa sabuni ya kufulia, nimejisugua kwa jani, bado nanukia ndizi mbivu kuanzia magotini kushuka. Nyuki wawili walinisindikiza hadi dukani. Mwenye duka akauliza kama nimeanza ufugaji.

Lakini mkanda wa suruali umelegea. Nimeinama kufunga viatu, na sikuona hata nyota moja.

Alhamisi, 31 Oktoba

Nimekwenda Nyakanazi kumwona farasi. Basi la asubuhi, nyuki mmoja.

Shibuda ni mtu mkubwa, mpole, anaongea polepole. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipeleka nyuma ya nyumba ya wageni. Farasi kafungwa karibu na jiko, rangi ya kahawia, mbavuni kakonda, machoni kajaa dharau. Jina lake Mheshimiwa. Alikuwa anakula maganda ya ndizi kutoka kwa mama lishe, na alipoacha kula aliniangalia vile vile anavyoniangalia baba mkwe.

Kisha likatokea jambo la ajabu. Mheshimiwa akanusa hewa, akanisogelea, akashusha kichwa akaanza kulamba miguu yangu. Mguu wa kushoto, wa kulia, mpaka nyuma ya goti. Machozi yalinilengalenga. Nikamwambia Shibuda mnyama anamjua mpandaji wake. Shibuda akasema Mheshimiwa ni mlafi wa ndizi mbivu, akizinusa hasikii la mtu, kwa hiyo siku ya sikukuu zisiwekwe karibu. Nikamjibu nimeelewa, ingawa nilikuwa nafikiria wapi nitakaa kwa ajili ya picha.

Nilipanda kwa kutumia benchi. Mara ya kwanza! Mapaja yangu yalimshika kama koleo. Shibuda akanionya: ukimbana kwa miguu ndiyo unamwambia aende, ukizidi kubana anazidi kwenda, ukitaka atulie legeza. Nikamwambia hayo ya Arusha nayajua. Akauliza Arusha nilipanda farasi gani. Nikasema wengi.

Tulikwenda kutoka jikoni hadi kwenye pipa la takataka. Huko akala. Nilikaa juu yake muda wote wa chakula, na madereva wawili wakapiga picha na sisi. Nikiondoa kula, nadhani nilipanda vizuri mno.

Jumapili, 3 Novemba

Mazoezi ya igizo baada ya misa. Farasi hayupo, tumetumia baiskeli ya Matiasi. Joho ni shuka jekundu la kutandikia kitanda, la Adelfina. Kakataa katakata lisikatwe. Kalishona katikati kwa uzi mwepesi ili nijifanye nakata kwa upanga, liachane lenyewe. Kaniapia kuwa likirudi na tundu nitalala nje na Mheshimiwa.

Frednand kalalamika kwa Matiasi kwamba ningeshuka kwenye baiskeli mapema nisingemkanyaga. Kisha akapendekeza tubadilishane nafasi, kwa manufaa ya kigango. Kwa manufaa ya kigango! Nikamwambia unyenyekevu ni fadhila, na kwamba maskini ndiye aliyebarikiwa. Matiasi akaniunga mkono bila kujua.

Halafu nikajitolea kumtafutia Frednand vazi la umaskini. Nilimpelekea gunia safi kabisa kwa macho. Lilibeba dagaa wa ziwani msimu mzima. Alinishukuru. Nilirudi nyumbani napiga mluzi.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimekwenda Nyakisasa na Adelfina kuwaalika wakwe rasmi.

Nilimkuta mzee Bonaventura na Aristides kwenye mtungi. Shikamoo baba. Marahaba. Basi, hotuba yake kwangu kwa siku nzima iliishia hapo. Mrija ukatoka kwa mzee, nikajiweka sawa, nikafuta mdomo. Ukaenda kwa Aristides. Aristides akanywa amefumba macho kama anayesali. Kikombe cha bata kililetwa. Kimepasuka kishikio.

Iliniuma. Sitajidanganya humu ndani, kwani nani atasoma. Mimi ni mtu mzima, binti yangu Ineza yuko sekondari, bado nanywa na bata.

Nikatoka nje kupunga upepo, na huko ndiko nilikokaribia kufanya kosa kubwa. Mama mkwe Josefina alikuwa anakuja njiani na kikapu. Kwetu, mkwe na mama mkwe hawagusani, hawakai mkeka mmoja, wakikutana njiani mdogo anapisha. Nilipisha. Nilipisha kwa kurukia kwenye mibuni, na kwa jinsi mapaja yangu yalivyo siku hizi niliruka mbali kuliko nilivyotaka, nikatokea upande wa pili, kwa majirani. Kutoka humo nikamsikia anamwambia Adelfina kuwa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki wa parokia nzima, wamemchagua abebe matoleo ya sikukuu, na kwamba keshaivisha ndizi nzuri sana, zimepiga rangi.

Kuna kitu kilitaka kunijia kichwani hapo. Sijui nini. Nilikuwa nang'oa miiba.

Jumapili, 10 Novemba

Naandika nimelala kifudifudi. Nitaeleza kwa utaratibu.

Asubuhi mvua ilinyesha, ikakatika. Uwanja wa kanisa ukawa tope. Mheshimiwa alishuka kwenye lori la ng'ombe bila wasiwasi. Frednand naye alifika, amevaa gunia. Nyuma yake paka wa paroko, na paka wengine ambao hatujui ni wa nani. Alinitazama kwa namna ambayo si ya Kikristo.

Watu walijaa. Mzee Bonaventura kiti cha mbele, kofia gotini. Upande wa kushoto, kwenye mkeka, akina mama wa WAWATA, na mama mkwe katikati yao amepakata kikapu cha matoleo kilichofunikwa kitambaa cheupe.

Nilitokea nyuma ya kanisa. Shuka jekundu mabegani, upanga wa mbao kiunoni, mgongo kama nguzo ya umeme. Kelele zikaisha. Nilipita mbele ya baba mkwe, na yeye, mzee Bonaventura, alisimama. Alisimama aone vizuri. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu niliuona utosi wa baba mkwe. Una kipara kidogo. Sijawahi kufurahi vile.

Ningeshuka hapo hapo, ningekuwa mtu.

Mheshimiwa akanusa. Masikio yakasimama. Kichwa kikageukia kushoto. Nikavuta hatamu, yeye akavuta zaidi. Nikaona heri nimshike imara nisianguke, nikambana kwa mapaja. Mapaja haya! Mapaja ya mitumbwi miwili, ya kwetu na ya Secilia! Nilimbana kwa nguvu zote, na yeye akaelewa kuwa namwambia aende. Akaenda. Nikazidi kubana. Akazidi kwenda. Nilimsikia Shibuda anapiga kelele legeza, legeza. Mimi nilifikiri anamwambia farasi.

WAWATA walitawanyika. Mama mkwe peke yake hakuweza, kikapu kilikuwa kizito. Mheshimiwa alifika mkekani akasimama ghafla, akashusha kichwa ale. Mimi sikuwa nimesimama. Niliteleza shingoni kwake taratibu kabisa, kama mtoto anavyoteleza kwenye udongo wa mvua, nikatua kwenye mapaja ya mama mkwe. Shuka jekundu likaja nyuma, likatufunika wote wawili.

Ndani ya shuka kulikuwa na giza jekundu. Juu yetu farasi alikuwa anatafuna matoleo. Nilijua lazima niseme kitu. Nikasema shikamoo mama.

Akajibu marahaba.

Farasi akaendelea kutafuna.

Aliyetuokoa ni Frednand. Alikuja na paka zake, akalivuta shuka lote, akajifunika juu ya gunia, akainua mikono kushukuru mbingu kama igizo linavyotaka. Watu wakapiga makofi. Padri akasema katika mahubiri kwamba mwaka huu Martini wetu hakutoa nusu, alitoa joho zima. Frednand kasifiwa hadi jioni. Shuka limerudi bila tundu, ila linanuka dagaa. Adelfina hajaniambia neno. Kila akianza, anakimbilia nje, namsikia kule anashika ukuta anacheka.

Mzee Bonaventura kaondoka bila kuaga.

Jumatano, 13 Novemba

Wazee wa ukoo wa mke wangu wamekaa. Kumgusa mama mkwe si jambo la kuombea radhi kwa simu. Kumwangukia mapajani, ndani ya shuka la kitanda, mbele ya Padri, hakuna mzee hata mmoja aliyekumbuka liliwahi kutokea. Ilibidi wabuni adhabu upya.

Wameamua: kitenge kwa mama mkwe, na mtungi wa pombe ya ndizi wa kuondoa aibu. Mzee Bonaventura akaongeza, akiwa anatazama dirishani, kwamba pombe hiyo ikanyagwe na miguu ile ile iliyokosa. Nisipoileta, au ikija mbaya, nisikanyage tena kwake, na Adelfina atakuwa anakuja peke yake.

Hilo lilinitisha. Si kwa ajili ya mrija tu. Nilimwona Adelfina ameinamisha kichwa, na hakuwa anacheka.

Nikapanga haraka. Kabanga kuna mama anauza nzuri, huwezi kujua tofauti. Nilimnong'oneza Adelfina njiani. Alisimama katikati ya barabara, akaniita Baba Ineza, polepole, mara moja tu. Sikurudia tena. Isitoshe, mzee kamtuma Aristides aje kusimamia.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimekanyaga tangu asubuhi. Aristides kakaa kwenye kigoda na kunitazama miguu kama askari wa barabarani.

Ila nikwambie, shajara yangu, mwili ulishajua kazi. Ndizi zilikuwa zimeiva sawasawa, nyasi mpya, na mapaja yalikwenda yenyewe. Maji yalitoka safi, mazito, ya dhahabu. Adelfina alichuja. Nikakaanga mtama mwenyewe usiungue, nikausaga. Aristides alipoonja ile juisi kabla haijachachuliwa aliomba tena. Mchana alivua viatu akasema aingie kidogo kunipokea. Alidumu muda mfupi, akatoka anashika paja. Nikamweleza kuwa mimi nimejengwa kwa ajili ya farasi.

Jumapili, 17 Novemba

Nyakisasa. Nimepeleka mtungi kichwani, kutoka barabarani hadi uani, bila kumwaga. Mazoezi ya ndoo.

Mama mkwe alipokea kitenge chake kwa mkono wa Adelfina, akiwa nyuma ya mlango. Akauliza kutoka humo kama farasi hajambo. Wanawake wote wakaangua kicheko, na nyumba nzima ikapumua.

Mzee Bonaventura akachomeka mrija. Akavuta. Akafumba macho. Nikaanza kupanga njia ya kutokea, ile ya mibuni. Akavuta tena. Halafu akafumbua macho, akautoa mrija kinywani, Aristides akanyoosha mkono kama kawaida yake, na mrija ukampita.

Ukaja kwangu.

Nilinywa. Sikumbuki ladha, pua ilikuwa imeziba kwa machozi. Mzee akasema mbele ya wote kwamba amengoja pombe hii tangu siku ya mahari. Kwamba mkwe anayeleta jasho la mtu mwingine hajaoa bado. Kwamba leo nimeoa. Akaniita mwanangu. Kikombe cha bata kapewa Aristides.

Sasa niko nyumbani. Adelfina anaimba jikoni. Ananisisitizia kwamba nimesikia mwenyewe, siri ilikuwa ni pombe, miaka yote ilikuwa ni pombe. Nimemkubalia ili asiharibu furaha yake. Wanawake hawaoni mbali. Mzee ana heshima zake, angesemaje hadharani kwamba mkwe wake alimpendeza juu ya farasi? Akasingizia pombe. Lakini mimi nilimwona aliposimama. Nilimwona hadi utosi.

Matiasi kanidokeza kwamba igizo la Krismasi linahitaji mfalme kutoka Mashariki, na wafalme wale hawakuja kwa baiskeli. Frednand anaitaka nafasi hiyo. Nimeshamwambia Matiasi kwamba Arusha nilikaa na ngamia pia. Shibuda nimempigia, ataulizia. Ngamia ni mrefu kuliko farasi, baba mkwe atanitazama kutoka chini zaidi.

Mzee kaomba nimletee mtungi mwingine Krismasi. Huo nitaununua Kabanga. Mguu wa mpanda ngamia haufai kuchoshwa na ndizi.